Mirija Iliyoziba na Mifuko Iliyojaa: Mwelekeo wa Biashara ya Tiba ya Ugumba Duniani

Lesley Brown hakwenda kwa daktari kwa sababu umri ulikuwa umemtupa mkono. Alikuwa na miaka 30 alipojifungua Louise, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara, mjini Oldham, Uingereza, usiku wa 25 Julai 1978, na kilichomnyima mtoto kwa miaka tisa kilikuwa mirija ya uzazi iliyoziba. Watafiti Patrick Steptoe na Robert Edwards, pamoja na mwenzao Jean Purdy ambaye mchango wake ulifichwa kwa muda mrefu, waliikwepa mirija hiyo: yai lilichukuliwa kwenye ovari, likarutubishwa maabara, kisha kiinitete kikarudishwa kwenye mji wa mimba. Mbinu ilianza kama jibu la ugonjwa huo.

Karibu nusu karne baadaye, mteja anayewindwa na biashara hii ni mwanamke wa mjini mwenye ajira na akiba au bima nzuri, aliyevuka miaka 35, na aghalabu mirija yake ni mizima. Hoja ya makala hii ni kwamba mhamo huo haukuletwa na sayansi peke yake. Uliletwa na swali la nani analipa, na eneo lenye wagonjwa wengi wa aina ya Lesley, yaani Afrika kusini mwa Sahara, limeachwa mkiani kwa sababu hiyo hiyo.

Fedha binafsi zilikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1971 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikataa kuwafadhili Edwards na Steptoe. Watafiti waliopekua nyaraka za Baraza hilo miaka mingi baadaye walionyesha kwamba, mbali na wasiwasi wa usalama, wakubwa wale waliona dunia ina watu wengi mno; kupunguza uzazi kulikuwa na uzito kuliko kuwasaidia wasiozaa. Kazi iliendelea katika hospitali ndogo ya Kershaw's, jirani na Oldham, kwa msaada wa mfadhili binafsi. Hata baada ya Louise kuzaliwa, serikali haikuharakisha kufungua mkoba, na mwaka 1980 watafiti hao watatu wakaanzisha kliniki ya kulipia ya Bourn Hall karibu na Cambridge. Huduma iliyoanza kwa kukataliwa na hazina ya umma ilijifunza mapema kuishi kwa ada.

Tangu hapo watoto zaidi ya milioni 10 wamezaliwa kwa njia hii duniani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani maishani, asilimia 17.8 katika nchi tajiri na 16.5 katika nchi za kipato cha kati na cha chini. Tofauti ni ndogo. Tatizo halichagui tajiri wala maskini. Kuhusu thamani ya soko lenyewe, kila kampuni inayouza ripoti za masoko ina tarakimu yake, na zinapishana kwa mabilioni ya dola. Sioni faida ya kuzinukuu. Kinachoonekana bila utata ni sura ya ukuaji huo.

Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 1992, pale watafiti wa Brussels walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ya kiume ndani ya yai. Kwa mpigo mmoja wanaume wenye mbegu chache wakawa wagonjwa wanaotibika, ingawa mwili unaochomwa sindano ukabaki ule wa mke. Hatua ya pili ilikuwa ugandishaji wa haraka, unaolivusha yai hadi nyuzi 196 chini ya sifuri bila kuacha chembe za barafu zikalichana. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuuita ugandishaji wa mayai kuwa jambo la majaribio. Miaka miwili baadaye Facebook na Apple zikatangaza kuwalipia wafanyakazi wao.

Hapo biashara ilipata kitu ambacho tiba nyingi hazina: mteja ambaye bado hajaumwa. Anayegandisha mayai hulipia kuyachochea na kuyatoa, kisha hulipa kodi ya tangi mwaka baada ya mwaka, na wengi hawarudi kuyatumia. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wanawake hawa wanatanguliza kazi. Marcia Inhorn, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwahoji wanawake 150 wa Marekani waliogandisha mayai na akakuta wengi wao walikuwa hawajampata mwenzi wa kuzaa naye. Kliniki basi inauza muda kwa mtu ambaye tatizo lake halipo ovarini. Sisemi ni kosa mtu kununua muda. Nasema mashine iliyojengwa kwa mirija ya Lesley sasa inaendeshwa na mapato ya namna nyingine kabisa.

Wenye mitaji wakanusa. Virtus Health iliingia soko la hisa la Australia mwaka 2013, Monash IVF ikafuata 2014, na Jinxin ya China ikaorodheshwa Hong Kong 2019. Mwaka 2022 mfuko wa uwekezaji wa KKR ulikubali kuununua mtandao wa kliniki wa IVIRMA, wenye mizizi Valencia, Uhispania, kwa takriban euro bilioni 3. Mwenye hisa hutaka mizunguko mingi na kila mzunguko ubebe mapato zaidi. Ndiyo maana orodha ya nyongeza imerefuka: kukwangua ukuta wa mji wa mimba, kupima kromosomu za kila kiinitete, gundi ya kiinitete, vidonge vya kurekebisha kinga ya mwili. Ukwanguaji uliuzwa kwa miaka mingi kabla jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 1,300 halijachapishwa mwaka 2019 na kuonyesha kwamba hauongezi uwezekano wa kupata mtoto. Sijasikia kliniki iliyowarudishia watu fedha zao.

Ukubwa wa kampuni nao si dhamana ya umakini. Aprili 2025 Monash IVF ilikiri kwamba mwanamke mmoja wa Brisbane alikuwa amezaa mtoto wa watu wengine, kwa sababu kiinitete kilichowekwa hakikuwa chake. Juni ikakiri kosa jingine la kiinitete, safari hii Melbourne, na mtendaji mkuu akajiuzulu.

Pale serikali zinapolipa, inafaa kuangalia zinaogopa nini. Israeli hugharamia matibabu hadi watoto wawili kwa mwanamke asiyezidi miaka 45. Hungary ilinunua kliniki sita na kuanza kutoa huduma bure mwaka 2020, huku waziri mkuu wake akihubiri kuongeza Wahungari badala ya wahamiaji. Japani iliingiza upandikizaji wa mimba kwenye bima ya taifa Aprili 2022, kwa wanawake walio chini ya miaka 43, baada ya idadi ya watu kupungua kwa zaidi ya muongo. Uingereza, isiyo na hofu kubwa kiasi hicho, imeelekea upande wa pili: mizunguko iliyolipiwa na huduma ya afya ya umma ilishuka kutoka takriban asilimia 40 mwaka 2012 hadi 27 mwaka 2022. Hazina hufunguka taifa linapohofia kuisha. Uchungu wa mtu mmoja mmoja hauna mtetezi bungeni.

Kwa mantiki hiyo Afrika haina nafasi. Bara linalozaa sana, huambiwa, halina haja ya kutibu ugumba. Ni hoja ile ile ya Baraza la Utafiti la 1971, imevaa koti jipya, na udhaifu wake uko wazi: wastani wa kuzaliana wa nchi haumzalii mtoto mwanamke ambaye mawifi wanamhesabia miaka.

Udhaifu wa pili ni wa kitabibu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1985 ulilinganisha sababu za ugumba katika nchi nyingi. Kwa wanawake wa Afrika waliochunguzwa, takriban asilimia 85 walikuwa na tatizo linalohusishwa na maambukizi. Kwa dunia nzima ilikuwa kama theluthi moja. Kisonono na klamidia zisizotibiwa, homa ya uzazi baada ya kujifungulia mahali pachafu, mimba iliyotolewa vichochoroni: vyote huishia kwenye makovu ndani ya mirija. Tangu enzi za ukoloni madaktari waliandika juu ya ukanda wa Afrika ya Kati, Kongo ikiwamo, ambako katika baadhi ya maeneo wanawake wengi walifikia ukomo wa hedhi bila mtoto hata mmoja. Klamidia ina ubaya wake: mara nyingi haiumi wala haitoi usaha wa kumshtua mtu. Mwanamke huja kuijua baada ya miaka, siku anapopigwa picha ya eksirei yenye dawa ya kung'aa, na dawa hiyo ikagoma kupita kwenye mirija.

Dozi ya viuavijasumu ingelizuia hilo kwa gharama ndogo. Lakini hakuna mwekezaji anayenunua hisa za viuavijasumu vya bei rahisi, na zahanati nyingi bado hutibu maambukizi haya kwa kubahatisha dalili, ambazo mara nyingi hazipo.

Kwa ambaye mirija yake imekwisha kuziba, kinga haina msaada tena. Anabaki na upandikizaji, na kanda yetu ya Afrika Mashariki imeupokea ukiwa umefungashwa tayari. Mtoto wa kwanza wa aina hii Uganda alizaliwa Kampala mwaka 2004. Kenya ikafuata Nairobi mwaka 2006, na Dar es Salaam nayo imeanza kutoa huduma. Karibu kila kitu huletwa kwa ndege: inkubeta, vimiminika vya kukuzia viinitete, sindano za homoni, hata fundi wa kurekebisha mashine. Umeme ukikatika, jenereta iwake mara moja. Gharama hizo zote humwangukia mgonjwa, kwa kuwa bima nyingi za afya hazigusi tiba hii. Novemba 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu ugumba, lilisema katika baadhi ya nchi mzunguko mmoja hugharimu mara mbili ya mapato ya mwaka ya kaya ya wastani. Watu wanauza viwanja. Wengine hupanda ndege kwenda India, ambako bei huwa nafuu hata ukijumlisha nauli.

Kampeni inayosikika zaidi barani dhidi ya unyanyapaa wa wanawake wasiozaa inaendeshwa na mfuko wa hisani wa Merck ya Ujerumani, ikiwatumia wake wa marais kama mabalozi na kusomesha madaktari. Kazi hiyo ina manufaa, sikatai. Ila Merck hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza Gonal-f, mojawapo ya sindano kuu za kuchochea mayai. Tusishangae basi kampeni ikiwa na sauti kubwa kuhusu heshima na tiba kuliko kuhusu bei.

Je, lazima iwe ghali hivi? Mjini Genk, Ubelgiji, daktari Willem Ombelet, akishirikiana na Jonathan Van Blerkom wa Colorado, alionyesha vinginevyo. Chukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Katika wa kwanza changanya asidi ya sitriki na baikaboneti ya sodiamu, vitu vinavyotoa povu kama kidonge cha kiungulia ndani ya glasi ya maji. Kabonidioksidi inayotoka hupita kwenye mpira hadi mrija wa pili wenye kimiminika cha kukuzia na kukiweka kwenye kiwango cha asidi kinachotakiwa. Mrija huo ukiwa umezibwa, yai na mbegu huingizwa kwa sindano kupitia kizibo, kisha unachomekwa kwenye tundu la kibao kinachotunza joto la mwili. Kiinitete huchunguzwa kwa hadubini kupitia kioo, bila kufunguliwa. Hakuna mitungi ya gesi wala inkubeta ya maelfu ya dola. Watoto wa kwanza walizaliwa 2012, matokeo ya awali yakalingana na ya maabara ya kawaida, na mwaka 2017 Accra ikapata wa kwake.

Hata hivyo mbinu hii imebaki pembezoni. Zipo sababu za haki: dawa na ujuzi wa daktari bado vina bei, na mirija hiyo haimalizi matatizo yote. Lakini naona sababu nzito zaidi ni kwamba mwenye kliniki hashindani kwa unafuu. Mteja aliyekata tamaa huichukulia bei kubwa kuwa dalili ya ubora, na maabara inayong'aa ndiyo tangazo lenyewe.

Sheria nazo huja nyuma ya soko. India iliwafungia wageni mlango wa kukodi mama wa kubeba mimba mwaka 2015, Thailand ikafunga mwaka huo huo baada ya kashfa, na wateja wakahamia Ukraine na Georgia. Nairobi ilionja mkanganyiko huo mapema: kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2014 ilihusu pacha waliobebwa na mama mbadala, hospitali ikashindwa kujua nani aandikwe mama, na idara ya watoto ikawapeleka makao ya watoto. Mwaka huo huo mbunge Millie Odhiambo aliwasilisha mswada kuhusu uzazi wa kusaidiwa. Bunge la Taifa lilikuja kuupitisha, katika toleo jingine, Novemba 2025. Rwanda ilikuwa imetangulia kwa miezi michache. Katika pwani, Waislamu wengi hufuata msimamo wa Al-Azhar wa mwaka 1980, unaoruhusu tiba hii ndani ya ndoa bila yai wala mbegu ya mtu wa tatu. Kwao swali la kwanza kwa daktari ni usalama wa vibandiko vya majina kwenye mirija ya maabara kuliko asilimia za mafanikio, na baada ya Brisbane hakuna anayeweza kuwaambia wanajisumbua.

Asilimia zenyewe zinahitaji kuangaliwa. Kliniki za kanda hii hujitangaza kwa takwimu zisizokaguliwa na mtu: nyingine huhesabu kipimo cha mimba kilichosoma chanya, nyingine watoto waliozaliwa, na kuchanganya umri wa miaka 28 na wa 43 kwenye kapu moja. Uingereza, tangu 1991, ina mamlaka inayokusanya matokeo ya kila mzunguko. Hapa kwetu daftari kama hilo lingehitaji safu moja zaidi, ya sababu ya ugumba, ili wizara ijue ni wagonjwa wangapi walioingia chumba cha upandikizaji kwa ugonjwa ambao zahanati ya kata ingeweza kuutibu miaka kumi kabla.