Upimaji wa shughuli za mwili kwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo

Kupima shughuli za mwili ni kukadiria nguvu anayoitumia mtu katika maisha yake ya kila siku, kazini, nyumbani na michezoni. Kwa mtu ambaye neva za uti wa mgongo zimeumia kwa risasi, ajali, kuanguka au kifua kikuu cha mifupa, kihesabu hatua mara nyingi hakina cha kuhesabu, na mapigo ya moyo nayo hupotosha, kwa sababu jeraha likiwa juu ya pingili ya sita ya kifua, neva zinazouharakisha moyo hukosa amri za ubongo, hata anayejitahidi sana akaonekana kana kwamba anafanya kazi nyepesi.

Kwa hiyo zilitungwa hojaji mahususi, zikiwemo PASIPD ya mwaka 2002, yenye maswali 13 kuhusu siku saba zilizopita, na PARA-SCI ya mwaka 2005, ambayo ni mahojiano yanayofuatilia siku tatu tangu kuamka hadi kulala. Majedwali ya nishati pia yalihitaji kurekebishwa: mtu mwenye jeraha hili akipumzika hutumia takribani mililita 2.7 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, si 3.5 zinazochukuliwa kuwa kawaida.

Mjini Bukavu, uliojengwa juu ya vilima kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ugumu huongezeka. Katika miteremko ya wilaya ya Kadutu kiti cha magurudumu husukumwa na ndugu au jirani, hivyo akselerometa, yaani kifaa kidogo kinachorekodi mwendo, kikifungwa kwenye gurudumu huandika safari ndefu ilhali mikono ya mwenye kiti imetulia. Wakati wa kushuka, mikono hiyo hiyo huzuia magurudumu kwa nguvu nyingi, lakini kifaa kilichovaliwa kwenye kifundo cha mkono huona mtikisiko mdogo tu. Mahojiano ya Kiswahili au Kishi, yanayouliza ni nani aliyesukuma, na yasiyosahau kufua kwa mikono, kutwanga na kuuza sokoni, hueleza ukweli zaidi kuliko kifaa cha bei ghali, na yanafaa kwa vituo kama Heri Kwetu, kinachohudumia watu wenye ulemavu mjini humo.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kwa watu wenye jeraha hili unapendekeza angalau dakika 20 za mazoezi ya wastani hadi makali, mara mbili kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli. Ukali wa mazoezi hayo hupimwa vyema kwa kumwuliza mhusika mwenyewe, kwa kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, anahisi anajitahidi kiasi gani.