Komande ya mchoro: kutoka Bukama mpaka telefoni ya kijana wa Butembo

Katika miji yetu ya Butembo na Beni, wazazi wengi hushangaa wakiona kijana wa sekondari, wa miaka 16 ao 17, anapata dola zake kwa kuchora sura za watu. Mteja hafiki nyumbani. Yuko Goma, Kampala ao Ulaya. Anatuma foto kwa telefoni, anasema anachotaka, kijana anachora, kisha anapiga foto ya kazi na kuirudisha. Mzazi anauliza: "Hii ni kazi, ao ni mchezo?" Wengine husema kwamba jambo hili limeletwa na intaneti na halina mizizi kwetu. Mizizi iko. Tena wale waliotutangulia wanatuachia somo ambalo kijana asipolijua atapata hasara.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu tunasema "komande": mteja anasema kwanza, fundi anafanya nyuma. Seremala na mshonaji wanaishi hivyo. Wafanyabiashara wetu wa Butembo nao wanaijua komande ya mbali, sababu miaka mingi wameagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, wakichanga pesa zao ili kujaza kontena moja. Basi, kuagiza kitu kwa mtu aliye mbali si ajabu hapa kwetu.

Hata mchoro wa Kongo ulianza kusafiri zamani sana. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, mtumishi wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona picha nzuri kwenye kuta za nyumba. Aliyezichora aliitwa Albert Lubaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za tembo. Thiry alimpa karatasi na rangi, ili picha zisibaki ukutani na kufutwa na mvua. Mke wake, Antoinette Lubaki, alichora pia. Karatasi zile zilipelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa katika biro ya Wizara ya Makoloni, na mwaka 1929 watu wa Brussels walizitazama katika maonyesho.

Tuangalie vizuri njia hiyo. Mchoraji yuko Bukama, mtazamaji yuko Brussels, na katikati kuna watu wanaoshika karatasi, rangi na anwani. Lubaki hakuwa na njia yake mwenyewe ya kufikia wale waliopenda kazi yake. Nyuma ya miaka ya 1930 njia ikakatika, na jina la Lubaki likasahauliwa kwa muda mrefu. Picha za mume na mke zilionekana tena mbele ya watu wengi huko Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya "Beauté Congo" kwenye Fondation Cartier. Mwenye kushika anwani ndiye mwenye kushika soko.

Mafundi waliofuata walitafuta mteja wao wenyewe. Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akazungusha picha zake nyumba kwa nyumba. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida wa mji, wenye kutaka picha ya kutundika sebuleni: mamba muntu, ao "Colonie belge". Mwaka 1973 alikutana na mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, na kutoka hapo akamchorea historia ya nchi yetu, picha karibu 100, akizieleza kwa Kiswahili cha kwao Shaba. Tshibumba alitia jina lake juu ya kazi zake, akajiita mwanahistoria. Leo wataalamu wa dunia wanamjua kwa jina hilo.

Na umri? Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, aliacha shule mwaka 1972 akaingia Kinshasa. Alikuwa kijana tu. Alijifunza kwa wachoraji wa vibao vya maduka, kazi ya komande tupu: mwenye duka anasema, kijana anapaka rangi. Mwaka 1975 akafungua atelie yake mwenyewe. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha, ili mpita njia asimame na kusoma. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris katika maonyesho ya "Magiciens de la terre". Sisemi vijana waache shule. Ninasema tu kwamba kibao cha duka kilikuwa shule kwake.

Sasa turudi kwetu. Tangu mwaka 2012 M-Pesa iko Kongo, na kijana anaweza kulipwa bila kumwona mteja. Foto inapita hata pale barabara inapoogopwa, na tangu mauaji ya mwaka 2014 katika eneo la Beni, sisi tunajua maana ya barabara ya kuogopwa. Tena komande nyingine ni nzito. Jamaa wanatuma foto ndogo ya kadi ya uchaguzi, sababu marehemu hakuacha nyingine, wanasema: "Mtoto, utuchoree papa sawa vile alikuwa." Hapo si mchezo tena. Kijana ameshika kumbukumbu ya nyumba nzima.

Kwa hiyo wazee wasimzuie. Wamfundishe desturi ya fundi. Achukue avansi kabla ya kuanza. Aandike katika daftari nani ameagiza, bei gani, siku gani, sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Atie jina lake juu ya kila kazi. Na zaidi ya yote, namba za wateja azishike yeye mwenyewe. Kaka mwenye telefoni nzuri akimwambia, "Wewe chora tu, mimi nitaongea nao," amshukuru kwa telefoni, lakini akumbuke Bukama.