Unene wa kupita kiasi kwa mbwa wa kufugwa: Malindi na pwani ya Kilifi

Unene wa kupita kiasi kwa mbwa ni hali ya mnyama kurundika mafuta mwilini mpaka uzito wake ukapita ule unaolingana na umbo lake. Madaktari wa mifugo humhesabu mbwa kuwa mzito akizidisha asilimia 10 hadi 20, na akivuka hapo humhesabu kuwa mgonjwa wa unene.

Malindi hali hii haiwagusi mbwa wote. Mbwa koko wa sokoni na majaani ni mbavu tupu, na mbwa wa boma la Kigiriama huko bara hushinda njiani na wachungaji. Anayenenepa ni mbwa wa ndani ya ukuta: wa nyumba kubwa za Casuarina, Silversands, Mayungu, Watamu na ukingo wa Kilifi Creek, na siku hizi pia wa ploti za mjini ambako mtu wa kipato cha kati amefuga spitz mweupe au German Shepherd wa kulinda geti. Mbwa huyu hatafuti chakula. Chakula humfuata alipolala.

Historia ya ukuta huo ni fupi. Waitaliano walianza kuja kwa wingi baada ya kituo cha kurushia roketi cha San Marco kujengwa Ngomeni katika miaka ya 1960. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa lake la baharini ilirushwa Aprili 1967. Baadaye zikafuata hoteli, majumba ya likizo na wageni waliohamia kabisa. Kila jumba likawa na mpishi, mtunza bustani, askari wa usiku, na mara nyingi mbwa mmoja au wawili. Kwa Waswahili wenyewe mbwa hakuwa mnyama wa kuingia ndani. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, humhesabu mbwa kuwa najisi, ingawa huruhusu kumfuga kwa kuwinda, kuchunga na kulinda. Mbwa wa kupakatwa na kulishwa mezani ni desturi iliyofika juzi.

Kipimo

Uzito peke yake hausemi mengi, kwa sababu kilo 30 ni sawa kwa Labrador na ni balaa kwa mbwa koko wa kimo cha goti. Madaktari hutumia alama za umbo kutoka 1 hadi 9: alama 4 na 5 ndizo za mbwa aliye sawa, na kila alama inayozidi ni nyongeza ya asilimia kama 10 hadi 15 ya uzito. Mwenye mbwa anaweza kujipimia nyumbani kwa mkono. Akipitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, mbavu zihisike kama mifupa ya mgongo wa kiganja kilichonyooshwa. Zikijitokeza kama vifundo vya ngumi, mbwa amekonda. Ikibidi kubonyeza ili kuzifikia, amenenepa. Akitazamwa kutoka juu awe na kiuno. Akitazamwa ubavuni, tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma.

Kwa spitz na mbwa wengine wa manyoya marefu macho hudanganya, na mkono ndio wa kuaminiwa. Asiye na mizani ya mbwa husimama na mnyama wake mikononi juu ya mizani ya watu, kisha akatoa uzito wake mwenyewe. Mbwa mkubwa hupelekwa kwa daktari, au kwenye agroveti yenye mizani ya magunia.

Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Mtoto wa mbwa mwenye minyoo huwa na tumbo la kuvimba na mgongo mkavu. Jike ambaye hakufungwa kizazi anaweza kuwa na mimba, au usaha katika mfuko wa uzazi, na hilo la pili huua. Ugonjwa wa moyo hujaza maji tumboni. Tezi ya shingo ikilegea, mbwa hunenepa bila kula zaidi na manyoya yake hunyauka. Homoni ya kotisoli ikizidi, tumbo huning'inia na mnyama hunywa maji bila kukoma. Dawa za prednisolone, ambazo mbwa wenye mizio ya ngozi hupewa mara kwa mara, huamsha ulafi. Ndiyo maana daktari huonwa kwanza, kabla ya kupunguza chakula.

Chakula

Hata hivyo mbwa wengi wanene hawana ugonjwa wowote uliowanenepesha. Wamekula kuliko walivyotumia. Hesabu yake si ngumu. Mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa, anayeshinda uani, hutosheka na kilokalori 1,000 hivi kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori kama 360, kwa hiyo sima ya nusu kilo ya unga, iliyomiminwa sufuriani asubuhi na jioni, ni 1,800 hata kabla ya kutiwa vichwa vya samaki, matumbo au mafuta ya kukaangia yaliyobaki. Mpishi aliyezoea kupikia watu haoni kuwa ni nyingi. Baada ya sima huja makombo: ukoko wa wali wa nazi, kipande cha mahamri, na kwenye nyumba za wageni tambi na maganda ya jibini. Chapati moja ya kukaanga, yenye kilokalori 200 na zaidi, ni zaidi ya theluthi ya chakula cha siku nzima cha mbwa wa kilo 8.

Sima si sumu, na anayesema mbwa lazima ale chakula cha mfuko kutoka ng'ambo anauza mfuko. Ubaya wa sima ni kuwa wanga mwingi na protini kidogo: mbwa anayekula hiyo peke yake huweza kunenepa huku misuli ikipungua. Ichanganywe na dagaa au samaki aliyetolewa miba, na ipimwe. Unga ulioota ukungu usipikiwe mbwa kwa kisingizio cha kutotupa, maana mbwa hudhurika haraka na sumukuvu. Nao chakula cha dukani hunenepesha vilevile kikimwagwa bila kikombe.

Kuhasiwa hupunguza mahitaji ya chakula kwa asilimia 20 hadi 30 na huongeza hamu. Hiyo si sababu ya kutohasi, hasa katika mji wenye mbwa koko wengi kama Malindi. Ni sababu ya kupunguza bakuli mwezi uleule. Umri nao huchangia, na nasaba pia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Eleanor Raffan, walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wamepungukiwa na kipande cha jeni iitwayo POMC, na wenye upungufu huo huwa wazito na wapenda chakula zaidi. Mwenye Labrador anayeambiwa na macho ya mbwa wake kuwa hajala tangu jana, basi, asiyaamini.

Mkono wenye bakuli

Katika nyumba ya Malindi mbwa mmoja huwa na walishaji wengi. Saa moja asubuhi mpishi humpa sima. Adhuhuri watoto humtupia mkate. Jioni mwenye nyumba, akiwa barazani, humkatia nyama ya sahani yake. Saa tatu usiku askari hugawana naye chakula chake, na ana akili: mbwa aliyelishwa na askari hulala miguuni pa askari na huamka naye. Kila mmoja ametoa kidogo. Hakuna aliyejumlisha.

Msimu huongeza tatizo. Wenye nyumba wengi huja wakati wa kaskazi na kuondoka mvua za kusi zinapoanza, Aprili. Wakiwapo, mbwa huteremka ufukweni kila alfajiri; wakiondoka, matembezi hukoma lakini gunia la chakula hubaki, na mfanyakazi aliyeachiwa mbwa huogopa jambo moja tu, bosi arudi amkute amekonda. Basi humshindilia. Wala si rahisi kumwambia mtu anayekula sima na mchicha kwamba mbwa wa tajiri amezidishiwa nyama. Maneno hayo yana namna yake ya kusemwa, na mwajiri mwenye haya huanza kwa kutazama mshahara anaolipa.

Kuna na hili, ambalo waajiri wageni mara nyingi hawaulizi. Mfanyakazi Mwislamu anayefuata Shafi akiguswa na mate ya mbwa hutakiwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumsogezea mbwa bakuli hakumpi tabu. Kumpapasa mbavu, kumfunga kamba na kutembea naye ndiko kwenye uzito. Mbwa aliyeachwa mikononi mwake atalishwa vizuri na hatapimwa kamwe, na kosa si la mfanyakazi. Kazi za kumshika mnyama zipewe aliyekubali kuzifanya, au mwenye mbwa azifanye mwenyewe.

Njia inayofanya kazi ni hii: chakula cha siku nzima hupimwa asubuhi kwa kikombe kimoja na kuwekwa katika kopo moja lenye kifuniko. Anayetaka kumpa mbwa chochote, awe mtoto au askari, huchota humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Vya kumfurahisha visizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chote.

Madhara

Joto ndilo la kuhofiwa kwanza katika pwani hii. Mbwa hatoki jasho la kutosha kumpoza. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hufaa pale hewa inapoweza kukausha unyevu wa ulimi na njia ya pumzi. Hewa ya Malindi, hasa Machi kabla ya mvua, imejaa unyevu tayari. Mafuta chini ya ngozi huzuia joto kutoka, na mafuta ya kifua hubana pumzi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mbwa mnene asitembezwe kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, na asifungwe kwenye kibanda cha mabati. Akianza kuyumba na kutoa ute mzito, amwagiwe maji, apepewe, akimbizwe kwa daktari.

Magoti na nyonga huchakaa mapema, kongosho huweza kuvimba baada ya mlo wa mafuta mengi, na mikunjo ya ngozi huota fangasi. Maisha pia hupungua. Kuanzia 1987 kampuni ya Purina huko Marekani ilifuatilia Labrador 48 waliogawanywa wawili wawili; mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: nusu ya waliopunguziwa walivuka miaka 13, na nusu ya wenzao hawakuvuka miaka 11.2.

Kumpunguza

Mbwa hupunguzwa polepole, asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Wa kilo 28 anayetakiwa kufika 20 ana safari ya miezi minne hadi minane. Sehemu ya sima hubadilishwa kwa boga, mchicha au maharagwe machanga yaliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala saumu. Kuogelea baharini jioni humfaa mwenye magoti mabovu. Ufukweni Watamu afungwe kamba, kwa kuwa kasa hutaga pale na mbwa huyafukua mayai. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha dawa ya unene wa mbwa iitwayo Slentrol; haipo tena sokoni.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliandikwa ikimfikiria mnyama anayepigwa, anayebebeshwa mzigo kupita nguvu zake na anayenyimwa chakula na maji. Kumlisha mnyama kupita kiasi hakumo katika orodha yake ya makosa. Hakuna afisa atakayegonga geti kuuliza habari za bakuli. Anayejibu ni mwenye mbwa: si mpishi aliyeagizwa, wala askari aliyegawa sima yake.