Kuuza Zamu ya Kesho

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, jina la kijana wa Dar es Salaam lilitajwa la pili katika orodha ya wachezaji chipukizi waliochukuliwa na timu za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Kijana huyo ni Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha futi 7 na inchi 3, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut. Aliyemchukua ni Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo, nasi huku nyumbani tulifurahi kana kwamba kila mmoja wetu ameongezewa kimo.

Furaha ile haikudumu. Tarehe 24 Februari 2011, kabla hata miaka miwili haijatimia, Memphis ilimpeleka Houston Rockets. Hakwenda peke yake. Pamoja naye alikwenda mchezaji mwenzake, DeMarre Carroll, na kitu cha tatu ambacho wengi wetu hatukukitazama: zamu ya Memphis ya kuchagua chipukizi katika duru ya kwanza ya mwaka wa baadaye. Kwa vitu vyote hivyo, Memphis ilipewa Shane Battier, aliyekuwa na miaka 32, na kijana Ish Smith.

Ndugu msomaji asiyeufuata mchezo huu ataniwia radhi nikieleza kidogo. Kila mwaka timu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu, katika duru mbili. Timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi nzuri zaidi ya kutangulia, ili mnyonge wa leo apate kuinuka kesho. Zamu hiyo ni mali. Timu yaweza kuitoa kwa timu nyingine miaka kadhaa kabla haijafika, ikapewa mchezaji aliyekwisha kukomaa.

Vijana wa mtaani kwetu hapa Segerea, kwa kuwa wanajua nimefundisha historia, huniuliza: “Mwalimu, je, ni halali timu kuuza zamu zake za kesho?” Swali lenyewe ni la mpira, lakini naona jibu lake limo katika historia.

Tuanze na Memphis. Timu hiyo ilikuwa imefika katika michezo ya mtoano miaka ya 2004, 2005 na 2006, ikafungwa michezo yote 12. Mwaka 2011 iliingia ikiwa ya nane upande wa Magharibi, ikapangiwa San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza. Katika mchezo wa kwanza, zikiwa zimebaki sekunde chache, Battier alitupa mpira wa pointi tatu ulioipa Memphis uongozi, ikashinda. Mwishowe ikaitoa San Antonio kwa michezo 4 kwa 2. Mwaka huohuo Battier akahamia Miami. Kwa hiyo Memphis ilitoa kijana wake mrefu na zamu ya kesho, ikapata miezi michache tu ya mtu mmoja.

Je, ilikula hasara? Sithubutu kusema hivyo. Nyumba ilikwisha kujengwa. Zach Randolph, Marc Gasol na Mike Conley walikuwapo, na mwezi uleule Rudy Gay alikuwa ameumia bega. Ilipungua nguzo moja, nayo ikaenda kuitafuta. Timu ile ilifika katika mtoano kila mwaka hadi 2017.

Sasa tazama wenzao. Mwaka 2013 Brooklyn Nets iliwachukua kutoka Boston Celtics wachezaji Kevin Garnett, mwenye miaka 37, Paul Pierce, mwenye miaka 35, na Jason Terry. Bei yake ilikuwa zamu za duru ya kwanza za miaka 2014, 2016 na 2018, pamoja na ruhusa kwa Boston kubadilishana zamu mwaka 2017. Nets ilishinda raundi moja tu ya mtoano mwaka 2014. Pierce akaondoka mwaka huo, na Garnett mwaka uliofuata. Kisha timu ikaanguka, na mwaka 2017 ikawa ya mwisho katika ligi nzima. Lakini ile zawadi ya mnyonge haikuwa yake tena. Kwa zamu ya 2016 Boston ilimchagua Jaylen Brown. Zamu ya 2017, iliyokuwa ya kwanza kabisa, Boston ilibadilishana na Philadelphia, ikampata Jayson Tatum. Mwaka 2024 vijana hao wawili waliipa Boston ubingwa.

Wanaotetea uuzaji husema kwamba zamu ni bahati nasibu, heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi. Wana hoja. Mwaka uleule wa 2009 Memphis ilipomchagua Thabeet, James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Aliye na zamu hana hakika ya mavuno. Hata hivyo, mkulima hauzi mbegu zake zote kwa sababu tu hajui kama mvua itanyesha.

Nchi yetu nayo iliwahi kukabiliwa na swali hili, katika jambo zito kuliko mpira. Mwezi Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, si 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Basi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaingizwa madarasani, wakafundisha huku wakijifunza ualimu. Taifa lilichukua kutoka katika ghala la kesho ili lilishe leo. Wako waliowacheka walimu hao. Mimi huwauliza: mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1977 angengoja hadi 1989, angeanza darasa la kwanza akiwa na miaka mingapi? Miaka 19! Haja ilikuwa ya kweli. Lakini deni nalo lilikuwa la kweli, na lililipika pale tu mwalimu yule aliporudishwa chuoni akaongezewa elimu. Pale alipoachwa vilevile, walioendelea kulipa ni wanafunzi wake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Aghalabu anayeuza kesho siye atakayeilipa. Kiongozi wa timu anataka ushindi kabla mkataba wake haujaisha, na deni likiiva yeye yuko kwingine. Ted Stepien, aliyeinunua timu ya Cleveland mwaka 1980, aligawa zamu hovyo, hata Dallas ikajikuta na zamu za duru ya kwanza za Cleveland kwa miaka kadhaa mfululizo. Ligi ikaweka kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: timu haiwezi kujiacha bila zamu ya duru ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Hii ni busara ya wazee. Hawakumkataza mtu kuuza. Walimkataza kumwachia mrithi wake ghala tupu.

Kwa hiyo vijana wangu huwajibu hivi. Kwanza, timu na iuze ikiwa imepungukiwa nguzo moja, isiuze ikiwa haina hata msingi. Pili, isitoe zamu nyingi kwa wachezaji ambao miaka yao iko ukingoni. Tatu, kabla ya kutia sahihi, ijue ni kwa njia gani pengo litazibwa, na ni nani atakayekuwapo kuliziba. Memphis ilipita katika mtihani huo, Brooklyn ilianguka.

Tena tusisahau kwamba zamu huandikwa katika karatasi kama namba tu, lakini siku ikifika, namba huwa mtu. Mwaka 2009 namba mbili ilikuwa kijana wetu.