Mkaa, kaboni na usalama wako nyumbani

Je, unasoma kemia, au unapika kwa sigiri hapa Kampala? Maelezo haya yanakuhusu.

Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni, elementi yenye alama C na namba ya atomi 6. Mkaa unapowaka, kaboni huungana na oksijeni ya hewani na kutoa gesi:

• Hewa ikitosha: C + O₂ → CO₂ (kaboni dayoksaidi)
• Hewa ikiwa haba: 2C + O₂ → 2CO (kaboni monoksaidi)

Molekuli hizi zinatofautiana kwa atomi moja tu ya oksijeni. CO₂ ndiyo unayoitoa kila unapopumua. CO ni sumu. Hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa.

CO haina rangi wala harufu. Hata makaa mekundu yasiyotoa moshi huizalisha, kwa sababu CO₂ ikipita kwenye kaboni yenye joto kali hugeuka: CO₂ + C → 2CO.

Jilinde:

• Pikia nje, au penye mlango na madirisha wazi.
• Usilale na sigiri inayowaka chumbani, hata kukiwa na baridi au mvua.
• Ukisikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au uchovu karibu na sigiri, toka nje mara moja. Watoe na wengine, kisha nendeni kituo cha afya kilicho karibu.