Nyuzi Ndani ya Kalibu: Kutoka Gunia hadi Kioo

Jasi iliyochomwa, ikasagwa na kukorogwa na maji, huganda katika muda mfupi na kushika kila mchoro wa kalibu, hata mshipa mwembamba wa jani. Udhaifu wake ni kwamba huhimili kugandamizwa lakini hukatika upesi ikivutwa au kupindwa. Kwa hiyo pambo la dari lililomiminwa kwa plasta tupu lilibidi liwe nene, na likiwa nene huwa zito na la hatari kwa walio chini yake. Dawa ni kutia nyuzi. Lakini kila kizazi cha mafundi kiligundua kwamba nguvu ya uzi peke yake haitoshi: lazima uzi udumu ndani ya kile kinachouzunguka.

Wazo lenyewe ni kongwe. Wamisri wa kale walichanganya majani makavu katika matofali ya udongo, na waashi wa Ulaya walitia nywele za wanyama katika lipu ya chokaa. Mwaka 1856 Mfaransa Leonard Alexander Desachy alipata hataza Uingereza ya njia iliyobadilisha kazi ya mapambo. Fundi hupaka kalibu mafuta, kisha hupaka plasta laini kwa brashi. Kabla haijakauka hulaza juu yake kitambaa cha gunia kilichochovywa plasta, huweka fito nyembamba za mbao pembezoni, halafu hufunika kwa tabaka la mwisho. Linalotoka ni gamba jembamba, jepesi, linaloweza kutengenezwa karakanani na kubebwa hadi kwenye jengo. Huko hufungwa kwenye mbao za dari kwa vipande vya gunia vilivyolowa plasta.

Majumba ya maonyesho ya London yalijaa dari za aina hiyo, na vipande hivyo vya kufungia ndivyo vilivyokuja kuonyesha ukomo wa nyuzi za mimea. Tarehe 19 Desemba 2013, sehemu ya dari ya Apollo Theatre, jumba lililofunguliwa mwaka 1901, iliwaangukia watazamaji mchezo ukiendelea. Zaidi ya watu 70 walijeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kuwa vifungio vya gunia vilikuwa vimechakaa kwa miaka mingi pasipo mtu kuviona.

Miaka mingi kabla ya ajali hiyo, katika maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, majengo makubwa meupe yalivikwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za mimea. Yalikusudiwa kudumu msimu mmoja tu, na mwaka uliofuata moto uliteketeza mengi kati yake. Kwenye maonyesho hayohayo kampuni ya vioo ya Edward Libbey ilionyesha gauni lililofumwa kwa hariri na nyuzi za kioo. Wageni waliliona kama ajabu tu, kwani nyuzi hizo zilikuwa ghali na ngumu kutumia. Hata hivyo, humo mlikuwa na malighafi ambayo baadaye ingechukua nafasi ya gunia.

Mlango ulifunguka mwaka 1932 huko Ohio. Dale Kleist, kijana aliyekuwa akijaribu kuunganisha vipande vya kioo, alipuliza hewa yenye shinikizo kwenye kioo kilichoyeyuka, kikatawanyika kuwa nyuzi laini. Mhandisi Games Slayter aliiendeleza njia hiyo, na mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta haja ya vifuniko vya rada, nyuzi za kioo ziliunganishwa na resini ya poliesta. Mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo alitengeneza mashua ndogo kwa njia hiyo, na mwaka 1953 likaja gari la Corvette lenye bodi ya faiba. Anayetengeneza boti ya faiba huanza na tabaka laini la nje ndani ya kalibu, kisha mkeka wa nyuzi, kisha resini, huku akipitisha rola kutoa mapovu ya hewa. Mfuatano huo unafanana sana na ule wa Desachy.

Katika jasi nyuzi za kioo zilikaa vizuri, kwa kuwa jasi haina ukali wa kuzila, na polepole zilichukua kazi ya gunia. Saruji ilikuwa jambo jingine. Ina alkali kali, na alkali huyeyusha kioo cha kawaida. Katika Muungano wa Kisovieti, ndugu wa familia ya Biryukovich walikwepa tatizo kwa kutumia saruji yenye alkali kidogo. Uingereza, A. J. Majumdar wa kituo cha utafiti wa majengo aliligeuza swali: badala ya kubadili saruji, alibadili kioo, akaongeza zirikonia ili kistahimili. Kampuni ya Pilkington ilianza kukiuza mwaka 1971 kwa jina la Cem-FIL, na paneli nyembamba za kuta za nje zikawezekana. Walipojua madhara ya nyuzi za asbesto, wajenzi walipata hapo mbadala mmojawapo.

Mkonge nao ulipitia mtihani huohuo. Mmea ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893 ulitoa nyuzi imara, na katika plasta ya Australia mkonge ulitumika sana. Tanzania, utafiti wa pamoja na wataalamu wa Uswidi kuhusu mabati ya saruji yenye mkonge ulionyesha kuwa alkali huyeyusha kinachoshikamanisha chembe za uzi, nao ukawa dhaifu na kukatika. Baadaye ilibainika kwamba katika vigae vidogo mkonge ulifanya kazi yake kubwa saruji ikiwa bado mbichi, kwa kuzuia nyufa. Ndiyo maana vigae vilivyofuata, vyenye kokoto ndogo, vilitengenezwa bila nyuzi kabisa.