Ukuta wa Gigabaiti Nne: Asili ya Mipaka ya Faili Kubwa za Picha

Mwaka 1986 kampuni ya Aldus ya Seattle ilipotoa umbizo la TIFF, yaani utaratibu wa kupanga data za picha ili skana na programu za uchapaji zielewane, iliamuliwa kwamba kila anuani ndani ya faili, ambayo ni namba inayoonyesha mahali data inapoanzia, iandikwe kwa biti 32. Biti 32 haziwezi kutaja baiti iliyo mbele ya ile ya 4,294,967,295, lakini enzi hizo diski za kompyuta za mezani zilipimwa kwa megabaiti, na uamuzi huo ulikuwa wa busara kabisa. JPEG, iliyofuata mwaka 1992, ilitenga biti 16 kwa kila upande wa picha, hivyo hakuna upande unaovuka pikseli 65,535.

Picha za setilaiti na za hadubini ndizo zilizoufikia mapema ukuta wa TIFF wa gigabaiti nne. Picha ya rangi yenye pikseli 40,000 kila upande, ikitengewa baiti 3 kwa kila pikseli, ina baiti bilioni 4.8 kabla ya kubanwa. Na programu isiyokagua hesabu zake, anuani inapojaa, huanza tena kuhesabu toka sifuri na kuharibu faili bila onyo, hasara ambayo mwenye kazi huenda akaigundua baada ya nakala asilia kufutwa. Tiba yake ilikuwa BigTIFF, yenye anuani za biti 64, ambayo LibTIFF, mkusanyo wa misimbo unaotumiwa na programu nyingi kusomea TIFF, iliipokea katika toleo la 4.0 la mwaka 2011. Namba ya utambulisho iliyo mwanzoni mwa faili ilibadilishwa kutoka 42 kuwa 43, na hapo ndipo ilipo hekima kubwa ya wabunifu wake, kwa kuwa programu ya zamani huikataa faili hiyo waziwazi badala ya kuisoma kimakosa.

Si kila kizuizi hutokana na umbizo: flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili ya gigabaiti 4, na Pillow, mkusanyo wa misimbo ya picha unaotumiwa na waandishi wa programu za Python, hutoa onyo kwa makusudi picha ikizidi pikseli 89,478,485, ili faili ndogo iliyobanwa kwa hila isimeze kumbukumbu yote ya kompyuta. Fundi atambue kwanza ni mpaka upi uliofikiwa, na wahifadhi wa nyaraka na ramani watumie BigTIFF tangu siku ya kwanza ya kuskani.